Kalamu Iliyomsikia Shangazi

Katika ukoo wetu karani ni mimi. Hakuna aliyenichagua. Ilianza nikiwa darasa la tano kule Newala, wazee walipoona mwandiko wangu unasomeka, na tangu hapo kila barua ya kwenda kwa ndugu aliye mbali ikawa inaletwa kwangu. Hata nilipokuwa mwalimu na kuhamia Masasi kazi ile haikuniacha. Ukitokea msiba, harusi au ugomvi wa mpaka, napigiwa simu nipande Newala na daftari langu. Nami nilijivunia. Niliamini kwamba kikao nilichokiandika mimi kimeandikwa kweli, na mtu akija kubisha baadaye nafungua ukurasa, namsomea, ananyamaza.

Kalamu niliyoanza kuitumia miaka ya karibuni niliipata kwa mwalimu mgeni aliyefundisha nasi kwa muda. Alipokuwa anaondoka aligawa vitu vyake. Wenzangu walipata sufuria na vyandarua, mimi akanipa kalamu nene kama kidole gumba cha mwanamume, pamoja na madaftari manne ya kwenda nayo. Karatasi za madaftari hayo ukiziangalia kwa karibu zina vinukta vidogo mno, kama zimemwagikiwa vumbi. Kwenye ncha ya kalamu kuna kijicho cha kamera. Unapoandika, kalamu inarekodi sauti za watu waliopo, na inakumbuka kila neno uliliandika wakati gani. Baadaye ukigusisha ncha yake juu ya neno lolote, inakurudishia yale yaliyokuwa yanasemwa ulipokuwa unaliandika.

Niliitumia kwenye semina za walimu, vikao vya shule na vya ukoo. Kusema kweli sikuwa nasikiliza mara nyingi. Mwandiko wangu ulinitosha.

Baba yetu alifariki mvua zikiwa zinaishia. Baada ya arobaini tulikaa kikao nyumbani kwake Newala, sebuleni, wengine kwenye viti na wengine kwenye mkeka. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu. Kaka yangu, ambaye ndiye anayelima shamba, alikuwa na hoja kubwa moja: mikorosho ya baba imezeeka, haizai, na upande wa shamba unaoelekea mteremkoni ing'olewe yote ipandwe miche mipya. Alishapata watu wenye msumeno wa mashine. Wajomba na binamu wakachangia, mmoja akitaka ianze sehemu ya barabarani, mwingine akiuliza miche itatoka wapi. Kikao kikachangamka.

Kando yangu kwenye mkeka alikaa shangazi, dada mkubwa wa baba. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, na huyo shangazi ndiye aliyetuogesha, akatulisha na kutupeleka shule. Alikuwa akiishi kwa baba tangu kabla sisi hatujazaliwa. Tulijua kwamba aliolewa zamani, ndoa ikavunjika, na kwamba hakujaliwa mtoto. Sikumbuki nani alituambia. Tulijua tu, kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani bila kuuliza.

Kabla hatujaanza niliwaeleza wote kwamba kalamu yangu inachukua sauti. Baba mdogo akasema ni vizuri, shangazi akauliza kama inakula wino mwingi. Tukacheka, nikaiwasha.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilikuwa kwangu Masasi ninanakili muhtasari ule kwenye karatasi safi. Kaka aliutaka kwa ajili ya ofisi ya kijiji. Nilipofika kipengele cha nne nikakwama. Nilikuwa nimeandika: "Shangazi hana neno, ameridhika na upande wa," halafu neno linalofuata limevurugika, haijulikani ni "mteremkoni" au "barabarani". Nikaona nisibahatishe. Nikachukua kalamu, nikagusa mwanzo wa sentensi.

Kwanza zilikuja sauti za binamu zangu wakibishana juu ya miche. Kisha, karibu kabisa, kama mtu ananinong'oneza sikioni, nikamsikia shangazi. Alisema kwa Chimakonde, polepole, kama anavyosema siku zote:

"Mimi sina neno na miche. Ila pale kwenye mikonge miwili msipaguse. Wanangu wamelala pale, wa kwanza na wa pili. Ndugu yangu alikuwa anapajua. Sasa hayupo, ndiyo maana nawaambia ninyi."

Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mkwaruzo mwembamba. Ulikuwa mkwaruzo wa kalamu yangu kwenye karatasi. Kisha sauti ya kaka kutoka upande wa pili wa chumba, akiuliza shangazi anasemaje. Na hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi, nikajisikia mimi mwenyewe nikijibu: "Anasema hana neno. Ameridhika."

Niliiweka kalamu mezani. Nakumbuka niliangalia mkono wangu kama wa mtu mwingine. Nikagusa tena pale pale, nikitumaini kwamba nimesikia vibaya, nikasikia yale yale. Mara ya tatu sikuweza kumaliza. Wanangu. Mwanamke aliyenilea alikuwa na watoto, akatutajia mbele ya ukoo mzima mahali walipozikwa, nami nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega nikiandika kwa mwandiko mzuri kwamba ameridhika. Nilikuwa nimelidaka neno lake la kwanza, "sina neno", nikaanza kuliandika, na tangu hapo masikio yangu yakafunga.

Ndipo nikakumbuka kwamba kaka alisema wataanza kukata Jumamosi hiyo hiyo.

Nilimpigia mara nne. Kule shambani simu hushika kwa kubahatisha, na siku hiyo haikushika kabisa. Nilifunga mlango nikiwa bado na kanga ya nyumbani, nikapanda bodaboda hadi stendi, nikapata gari la Newala lililokuwa linataka kutoka. Watu waliokaa nami sikumbuki hata mmoja. Nakumbuka kwamba daftari lilikuwa mapajani, na kwamba gari lilipoanza kupanda mlima kuelekea uwandani niliona moshi mbali, nikajiambia ni watu wanachoma mashamba tu.

Nilifika shambani jua la saa sita. Mashine ilikuwa inanguruma. Mikorosho saba au minane ilikuwa chini, matawi yamekusanywa yanaungua, na kaka alikuwa amesimama pembeni anafuta jasho kwa kofia. Alishangaa kuniona. Sikumsalimia. Nilimwuliza ile mikonge miwili iko wapi.

Akanionyesha kwa kidevu. Ilikuwa juu ya lundo la takataka, mizizi juu, udongo bado umeishikilia.

"Ilikuwa inachoma watu miguu," alisema. "Kwani vipi?"

Nikafungua daftari juu ya gogo, nikagusa neno. Kwa sababu ya mashine hakusikia, ikabidi awapungie mkono wale vijana wazime. Shamba likanyamaza. Nikagusa tena. Kaka aliinama kusikiliza, uso ukiwa wa mtu anayesubiri kuambiwa kichekesho, na nikauona uso ule ukibadilika polepole hadi ukawa wa kijivu. Alikaa chini, si kwenye gogo, bali kwenye udongo.

"Alisema mbele yetu?" aliuliza.

"Mbele yetu. Ukaniuliza anasemaje, nikakujibu ameridhika."

Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Aliwaambia wale vijana wakusanye vifaa, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Kisha tukaenda wote wawili hadi pale ilipokuwa mikonge. Udongo ulikuwa umegeuzwa kiasi cha shubiri mbili hivi. Hatukuona kitu kingine chochote, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo, lakini hatukuthubutu hata kuusawazisha. Tulisimama pale kama watoto waliovunja mtungi.

Njiani tulimpitia baba mdogo, tukamwambia tuliyoyasikia. Alisimama mlangoni kwake akiwa ameshika kitasa. Kisha akasema kwamba alijua. Alikuwa mdogo wakati ule, watoto wote nyumbani walikatazwa kuwataja marehemu wale ili dada yao asitoneshwe kidonda. Wakanyamaza mwaka, wakanyamaza miaka, na kunyamaza kukawa desturi ya nyumba. Kwamba walizikwa katika lile shamba alikuwa anajua, ila sehemu yenyewe ilishamtoka akilini. Nilimwangalia mzee huyo niliyemjua maisha yangu yote, nikajiuliza ni mambo mangapi mengine yamekaa kimya katika nyumba zetu.

Tulikwenda sote watatu. Shangazi tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimekuja bila taarifa na kama nimekula. Kaka akageukia ukutani. Basi nikasema mimi. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio kama ninayesoma muhtasari, kwa sababu sikujua njia nyingine: kwamba alituambia, kwamba mimi sikusikiliza, kwamba nimeandika uongo juu ya jina lake, na kwamba mikonge imeng'olewa asubuhi ile.

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu, kama makaburi yamefukuliwa. Nilipomwambia hapana, alipumua.

Kisha akaomba asikie. Nikaweka daftari juu ya mapaja yake, juu ya zile mbaazi, nikagusa. Alisikiliza macho yakiwa kwenye ukurasa, kana kwamba yeye ambaye hakusoma anayaona maneno yake yamelala pale. Ilipofika "wa kwanza na wa pili" midomo yake ilicheza pamoja na sauti. Ilipofika sauti yangu, niliondoa kalamu kwa haraka. Akaurudisha mkono wangu, akataka isikike mpaka mwisho.

"Kumbe nilisema," akasema.

Aliupapasa ukurasa kwa kiganja.

"Nilidhani nilisema moyoni, mwanangu. Maana hakuna aliyenijibu."

Nimesikia maneno makali maishani. Nimeambiwa na madaktari habari za baba yangu, nimefiwa, nimetukanwa na mzazi wa mwanafunzi mbele ya darasa. Hakuna kilichonipiga kama hayo. Wiki mbili nzima mama yule alikuwa akitembea uani akiamini kwamba labda hakufungua kinywa.

Baba mdogo ndiye aliyesogea. Alichuchumaa mbele yake, na akamwita mama wa fulani, akilitaja jina la mtoto wa kwanza wa shangazi. Kwetu mwanamke mzima haitwi jina lake, anaitwa kwa jina la mwanawe, na mimi miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini hata majirani wasio na undugu naye wanamwita Shangazi tu. Shangazi alimtazama mdogo wake muda mrefu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali na hana hakika kama ni yeye. Mwishowe akaitika.

Jioni ile alitusimulia, kidogo kidogo, huku tukimalizia kuchambua mbaazi. Wa kwanza alikuwa wa kiume, surua ilimchukua kabla hajatembea. Wa pili wa kike. Enzi zile maji yalikuwa bondeni, unashuka kabla ya kupambazuka unarudi jua limeshapanda. Siku aliyofariki huyo wa pili, mama yake alikuwa njiani na mtungi kichwani. Alipofika nyumbani akakuta watu wengi uani, na hakuna aliyekumbuka kumtua mzigo. Alisimama nao vile vile mpaka walipokwisha kumweleza.

Asubuhi ya pili alitaka kwenda shambani. Kaka alitoa mikonge ile kwenye lundo, akachimba, shangazi akaishika mwenyewe mmoja mmoja wakati udongo unarudishwa. Mmoja ulikuwa umekatwa mzizi, ukanyauka baada ya mwezi. Kaka alipanda mwingine bila kuambiwa. Sehemu ile imeachwa, na miche mipya imepandwa kwa kuizunguka. Muhtasari niliuandika upya. Kipengele cha nne kina maneno ya shangazi mwenyewe, kwa lugha yake na kwa Kiswahili, na nilimsomea sentensi moja moja nikisubiri aseme ndiyo kabla ya kwenda nyingine. Alinisahihisha mahali pawili.

Likizo iliyofuata nilianza kusikiliza kurasa za zamani. Sikuwa na ujasiri wa kuzisikiliza zote. Kwenye kikao kimoja cha harusi, cha mwaka wa mwisho wa uhai wa baba, nilimsikia baba akiomba maji. Alikohoa, akaomba tena. Mimi nilikuwa naandika majina ya waliohudhuria. Nilirudia mara nyingi nijue kama alipewa, lakini watu walikuwa wanacheka na sauti yake haikurudi.

Nilimpigia kaka, hakumbuki kitu. Nikaomba aniunganishe na shangazi. Yeye alikumbuka mara moja, hata kikombe. Alisema aliinuka akampa, baba akanywa chote, kisha akamwuliza kama mvua itanyesha.