Makopo Mawili ya Mwalimu Beda

Mwalimu Beda alikuwa mwoga, nami nasema hivyo kwa sababu nilimpenda. Akisikia gari nje ya darasa letu pale Mjimwema, chaki ilimponyoka. Alikuwa na sababu. Serikali ilimpunguza kazini mwaka tisini na tatu, na shule yetu mpya ya binafsi, iliyokuwa bado inanuka rangi, ikamchukua kwa majaribio. Mwenye shule alimwambia mbele yetu, bila haya: mkaguzi akiridhika na somo lako, utabaki, asiporidhika, rudi kwenu Maposeni ukalime mahindi.

Mkaguzi akaja Julai, baridi inauma. Alikuwa Mzee Daimu, Mwislamu wa Nalasi, kofia ya kiua kichwani. Tukamwamkia, akaketi nyuma.

Somo lilikuwa miamba.

"Chini ya ardhi mwamba umeyeyuka kama uji," alisema Mwalimu. "Ukipoa hukohuko chini, polepole, punje zake hupata muda wa kukua." Akainua jiwe la mlimani kwetu, lenye chenga zinazometa. "Ukitoka nje kwa volkano hupoa haraka, punje hazikui." Akainua jiwe jeusi la Mbeya, halina chenga hata moja.

Tulimkodolea macho tu. Basi akatoa makopo mawili. Jana yake alikuwa ameyeyusha mafuta nyumbani. Kopo moja alilifukia kwenye maranda ya mbao lipoe taratibu, jingine akalitumbukiza kwenye maji baridi.

"Njooni mshike."

Somo lilikuwa limemnasa mkaguzi mwenyewe. Alitutangulia, akakunja mkono wa shati, akanyoosha kidole.

Mwalimu Beda akamdaka mkono. Mkono wa mkaguzi!

"Samahani mzee," alisema. "Ni mafuta ya nguruwe."

Kwetu Wakatoliki wa huku nguruwe hufugwa nyuma ya jiko, na mafuta ya jikoni hakuna anayeuliza ni ya mnyama gani. Mwalimu alikuwa amehangaikia miamba wiki nzima, asikumbuke kwamba si kila mtu anatoka kwenye jiko kama lake. Sasa jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

Mzee Daimu alirudisha kidole. Kisha akanigeukia.

"Binti, jina lako?"

"Devota, mzee."

"Unakula nguruwe?"

"Nakula."

"Basi shika wewe, utuambie."

Nikashika. La maranda lilikuwa na punjepunje vidoleni. La maji lilikuwa laini.

"Lipi lilipoa polepole?" mkaguzi akauliza.

"La maranda!" darasa zima likajibu.

Akarudi nyuma, akaandika, akaandika tena. Mwalimu alifuta ubao uliokwisha kufutwa. Hatimaye mzee akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mwakani ukilifundisha somo hili, tumia samli."

"Ndiyo, mzee."

Wenzangu wakaanza kubishana samli inapatikana wapi. Mwalimu Beda aliketi kwenye dawati langu, akafunika uso, akalia. Yeye alikuwa amesikia "mwakani".