Ngoma Iliyokalia Namba Yetu

Huku Shirere, mtaani kwetu Kakamega, mvua haibishi hodi. Mchana jua linawaka, mara mawingu yanajikusanya upande wa msitu, radi moja, na stima imekwenda. Watu wa ploti yetu walishazoea. Mimi na jirani yangu hatukuzoea hata kidogo, kwa sababu ndani ya kompyuta yangu tulikuwa tunalea programu isiyopenda kukatizwa.

Jirani alikuwa mwanafunzi wa kilimo, binti wa Mumias, na programu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwaka wa mwisho. Ilikokotoa jinsi viwavijeshi wanavyosambaa kutoka shamba moja la mahindi hadi jingine. Ilihitaji siku nyingi za kuhesabu, nasi siku nyingi bila mvua tungezitoa wapi? Kwa hiyo tulijifunza kuigandisha. Mawingu yakianza tu, naiamuru isimame ilipo, kila ilichokuwa inakumbuka kinahifadhiwa kwenye diski, kisha nazima mashine taratibu. Stima ikirudi naifufua, nayo inaendelea pale pale ilipoachia, haina habari kwamba ililala. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikulipwa hata chai.

Ufufuo huo una sharti moja. Kila programu inayokimbia hupewa namba na mashine. Yetu ilikuwa mzazi mwenye watoto, yaani programu ndogo ilizozizaa, kila mtoto akishughulikia shamba lake, na wote waliitana kwa namba hizo. Ukimrudisha mzazi kwa namba mpya, watoto watapeleka majibu kwa mlango usio wake. Lazima kila mmoja arudi na namba yake ya zamani, na namba hiyo iwe haina mwenyewe. Siku zote tuliikuta tupu, kwa kuwa mashine ikiwashwa huanza kugawa namba upya kutoka chini, na mimi sikufungua kitu kingine kabla ya kuifufua.

Ikafika siku ya kukabidhi. Majibu yalitakiwa yafike chuoni kabla ofisi hazijafungwa jioni. Yasipofika, mahafali ya mwaka huu yangempita jirani yangu. Mama yake alikuwa amefika kutoka Mumias asubuhi, akasema amekuja kusalimia tu. Hesabu zilikuwa zimebaki kidogo sana. Na mvua, kama kawaida yake, ikaja. Tukagandisha, tukazima, tukakaa kitandani watatu tukitazama dirisha.

Sasa, ploti yetu ina desturi. Stima ikirudi, kinyozi wa chumba cha mwisho hupiga isukuti, ngoma ya kwetu, kwa redio yake kubwa, na watu hutoka milangoni kucheza kidogo kabla ya kurudi kwa pasi na sufuria zao. Lakini wiki hiyo radi ilikuwa imeunguza redio. Kwa hiyo stima iliporudi, nami nikiwa nimewasha mashine na kutoka kuangalia swichi kubwa ukutani, kinyozi alibeba spika yake hadi chumbani kwangu, akaichomeka kwenye kompyuta na kuanzisha ngoma. Hakuna aliyemzuia. Mimi mwenyewe nilirudi nikicheza. Ukiwa mtu wa Kakamega na isukuti ikalia, mabega hayakuombi ruhusa.

Nikaketi, nikatoa amri ya kufufua. Ikagoma.

"Imekataa," nilisema.

"Imekataa aje?" jirani aliuliza.

"Inasema namba ya mzazi iko na mtu."

"Nani?"

Nikatafuta. Ilikuwa programu ya kupiga muziki. Nilipomweleza mama, alifunga mtandio wake vizuri na kusogea karibu na kioo.

"Yaani ngoma imekalia kiti ya huyo mtoto yenu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi iambie itoke, mwanangu. Mwenye kiti akirudi, mgeni huinukanga."

Nikazima muziki. Kinyozi akalalamika mlangoni, "Unazima aje na ndio tumeanza?" Mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia akigusa kompyuta hiyo nitamnyoa mwenyewe, tena bila maji.

Namba hutolewa kwa kufuatana. Ili kuipata unayoitaka, unaidanganya mashine kwamba imeishia namba iliyo nyuma yake, halafu unazalisha programu yako upesi. Kitu kingine kikifunguka katikati, kinainyakua. "Hakuna mtu kugusa kitu," nilisema. Jirani aliweka mikono kichwani. Midomo ya mama ilikuwa ikisogea kwa dua. Nikabonyeza.

Mzazi akarudi na namba yake. Kisha watoto, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na yake. Shamba la kwanza likaleta majibu, na mzazi akayapokea kana kwamba walikuwa katikati ya mazungumzo. Nilifurahi mpaka nikampiga kinyozi mgongoni, naye akanirudishia.

"Inajua kwamba ilikuwa imezimwa?" mama aliuliza.

"Haijui, mama."

"Inaishi raha kutushinda."

Mashamba yaliyobaki yakaisha, jirani akatuma kazi yake, tukangoja. Jibu la msimamizi wake likaja kabla ofisi hazijafungwa: imepokelewa, yote. Jirani alilisoma kwa sauti, halafu akalisoma tena.

Mama alisema Alhamdulillahi, akachukua simu, akapiga pale pale mbele yetu.

"Asalaam aleikum, fundi. Ile gauni yangu ya mahafali, nilikuambia usishone pindo mpaka nikupigie." Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameduwaa. "Sasa shona pindo."