Mchoyo wa Vidonge

Kijiji kizima kiliniita mchoyo, na mpaka leo sijaomba radhi. Siombi.

Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, njia ya Shelui, tukaacha nyumba zetu za tembe na kupangwa kwenye mistari. Mwaka ule ule magoti yangu yakavimba. Baridi yabisi, alisema mganga wa zahanati. Asubuhi sikuweza kuchuchumaa kuwasha moto. Mume wangu ndiye aliyeninyanyua kitandani, nami nilikuwa bado mwanamke wa kuruka mitaro. Mganga akanipa vidonge vya kutuliza uvimbe na maumivu. Akanionya: nisimeze bila kula, nisizidishe, na kinyesi kikiwa cheusi kama lami niache mara moja, nimkimbilie. Niliporudi kumweleza kwamba nimepalilia mtama bila kulia, alicheka, kisha akarudia maonyo yale yale.

Shida ilikuwa desturi yetu. Tulikuwa watu wa kugawana: chumvi, kiberiti, na dawa pia. Mtu akirudi zahanati na vidonge vya malaria, nusu atameza yeye, nusu atampelekea jirani anayetetemeka. Huo ndio ulikuwa uungwana, na ujamaa ulipokuja ukaupigia muhuri.

Mama mkwe aliniona nikiinuka bila kushika ukuta. Yeye kiuno kilimsumbua tangu uzazi wake wa mwisho.

"Mwanangu, na mimi nigawie," akaniambia.

Nilimpenda yule mama. Ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa mtama usio na mabuja. Lakini tumbo lake nililijua. Aliamka na kiungulia, akanywa maji ya magadi, na wakati wa mavuno yaliyopita alikuwa ametapika kitu cheusi kama masizi yaliyolowa. Nilikwenda kumuuliza mganga, naye akakunja uso. Mtu wa tumbo kama hilo, alisema, vidonge hivi vinaweza kumtoboa akafa kwa kutoka damu. Aje apimwe, atatafutiwa dawa yake.

Nikamfikishia mama maneno hayo. Zahanati akakataa kwenda.

"Kwako vinaponya, kwangu vinatoboa? Sema tu hutaki."

Akaenda kunishtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Jioni balozi alikuja na majirani, wakajaa uani. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia.

"Ndugu," akasema, "hapa kijijini hakuna cha mtu peke yake. Leta vidonge, mama yako naye apate."

"Shamba ni letu sote, ndugu balozi. Tumbo ni lake peke yake."

Nyuma kuna mtu akasema, "Kupe huyo!" Mume wangu akainamisha kichwa, akaninong'oneza, "Mpe tu, yaishe."

Yaishe! Nilishikwa na hasira. Nilijua nikivificha vitatafutwa nikiwa shambani, na nyumba zetu hazikuwa na kufuli. Nikafungua pindo la kanga nilimovifunga, nikaenda mpaka chooni, wote wakiniangalia, nikavimwaga shimoni. Sikubakiza hata kimoja.

Zahanati nayo ilikuwa imeishiwa. Magoti yakarudi kuvimba, na palizi yote iliyobaki niliifanya nimekaa chini, nikijisogeza kwa makalio katikati ya mtama. Nilichagua mistari ya kando ya njia, ili kila apitaye anione. Balozi akipita nilimwamkia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Wapo walionionea huruma, wakanishauri nikamwangukie mama. Nilimpelekea ugali wake kila siku, ila kumwangukia, hapana.

Mama mkwe aliishi. Alimzika balozi. Aliwapakata watoto wangu wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mgeni aliyeingia alimsimulia juu ya mkwe wake mchoyo, aliyeona heri dawa zizame chooni kuliko kumgawia. Mimi ndiye niliyemletea mgeni maji ya kunywa. Nilisimama hapo na kata mkononi, nikasikiliza mpaka mwisho, na sikumkatiza hata siku moja.

Sema, mama, nilimwambia kimoyomoyo. Sema mpaka uchoke. Maiti hasengenyi.