Mateke Niliyoongeza

Mwezi wa nane wa mimba, miguu ya bibi yangu ilifura mpaka patipati zangu zikamkataa, na mimi nina miguu ya kuzima moto wa msitu. Nikamwambia, "Mama, hiyo si miguu, hiyo ni magunia mawili ya viazi." Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikasema mtoto ameshukia huko chini kunyoosha mgongo. Akacheka tena. Mimi nilidhani ni kunona tu. Nikajisifu hata kazini ati nimelisha mtu akalishika.

Tulipoenda kliniki, sista akampima presha. Akapima tena. Akaita mwenzake naye akapima. Hata fundi wa suti ya harusi hapimi mkono mara nyingi hivyo, na nikamwambia. Hakucheka.

"Baba, hii presha inaweza kumwangusha yeye na mtoto pamoja. Unanisikia?"

Nikasikia. Akampa dawa, akasema alale, asiinue hata kikombe, na turudi kila Jumanne na Ijumaa. Halafu akatoa kadi. Kila siku baada ya chai ya asubuhi, tuhesabu mateke ya mtoto. Yafike kumi kwa masaa mawili. "Yasipofika kumi, usingoje siku ya kliniki. Mlete saa hiyo hiyo."

Hiyo kazi ikawa yangu. Bibi yangu alikuwa anaona vinyota mbele ya macho, na dawa zilikuwa zinamlaza. Mama yake angekuja kutoka ocha, huko kijijini, kutusaidia, lakini kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake, na yangu ni chumba kimoja. Ningemweka wapi, juu ya kabati? Mimi hugonga masanduku ya mabati ya wanafunzi, huko Kariobangi. Nikaambia wenzangu nimepata kazi mpya ya ofisi, nina kadi na kalamu. Shule mimi niliionea tu kwa dirisha, lakini mistari najua kuchora.

Shida ilikuwa mikono. Miaka yote ya nyundo imefanya kiganja changu kikawa kama tairi ya lori. Mtoto angepiga teke la kuvunja mlango na nisijue. Kwa hivyo nilikuwa napiga magoti kando ya kitanda naweka shavu kwa tumbo. Siku ya kwanza mateke kumi na mbili, nusu saa haijaisha. Moja lilinipata kwa sikio.

"Huyu ni difenda," nikasema.

"Huyo amechoka na mdomo wako," bibi yangu akasema, macho amefunga.

Siku zikaenda vizuri. Ijumaa sista akaangalia kadi akatikisa kichwa kukubali, nikatoka hapo nimefura kifua kama nimezaa mimi.

Jumapili mateke yakawa tisa. Masaa mawili yakaisha, nikangoja, nikamgongagonga mtoto kidogo kama mlango wa jirani. Tisa. Bibi yangu akaamka, jambo la kwanza, "Ngapi?"

Alikuwa ananiangalia na uso umefura, macho yamebaki mistari. Nikasema, "Kumi na moja! Wacha, huko ndani kuna harusi."

Akatabasamu, akalala. Nikachora mistari kumi na moja. Si mimi huongeza kila kitu? Nyumba yetu iko gorofa ya nne na watu wa kazini wanajua ni ya kumi. Mateke mawili ni nini?

Jumatatu yakawa sita. Nikasema mtoto analala. Nikasema shavu langu ndilo limezoea, halisikii tena. Nikachora kumi.

Jumanne asubuhi yakawa matatu. Nikaweka shavu huku, nikaweka kule, nikasimamisha pumzi mpaka nikaona giza. Nje watu walikuwa wanapiga nguo, redio ya mtu inaimba, nikatamani kuwanyamazisha wote, mtaa mzima. Matatu. Bibi yangu akauliza. Nikasema kumi na mbili, na nikachora kumi na mbili. Nikajiambia leo ni kliniki, si tunaenda huko huko?

Sista akapima presha, akasema imepanda kidogo lakini si ya kutisha. Akachukua kadi. "Lakini mtoto anacheza vizuri sana. Nitawaongezea dawa, mrudi Ijumaa."

Bibi yangu akaanza kuinuka. Mimi nikainama kumvalisha viatu. Hapo chini, kiatu mkononi, nikajua kama nikifunga mdomo tunaenda nyumbani, na hiyo kadi ndiyo inatupeleka.

"Sista, hiyo kadi inadanganya."

"Kadi haidanganyi, baba. Nani aliijaza?"

"Ni mimi."

"Leo alicheza mara ngapi?"

"Tatu."

"Jana?"

"Sita. Jumapili tisa."

Sikuangalia juu. Sista akamlaza, akamwekea kamashine kwa tumbo, akasikiliza. Akahamisha. Akasikiliza. Sauti ya moyo wa mtoto ilikuwa inaenda pole pole, inasimama kidogo, inaenda. Hata mimi wa mikono ya tairi niliisikia. Sista akafungua mlango akaita daktari, na hakuita kwa upole.

Wakamsukuma kwa kitanda cha magurudumu wakaenda naye. Mimi nikabaki na viatu. Nikawafuata mpaka mlango mwingine, askari wa hospitali akanisimamisha na kidole kimoja. Nikakaa kwa benchi. Jamaa mmoja hapo kando, bibi yake pia alikuwa ndani, akaniambia, "Buda, leta hata stori, hapa tutakufa na mawazo." Mimi! Mtu ambaye huongea mpaka kwa usingizi. Sikujua kuomba kwa maneno mengi, nikawa nasema tu "tafadhali, tafadhali," kama mtu anapita kwa umati.

Walimpasua. Mtoto akatoka mdogo, wakamkimbiza kwa chumba cha joto. Bibi yangu walinionyesha baadaye, jua linaanza kushuka, amelala na mipira ya dawa mkononi. Nikakaa kando. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia hata sijui kwa nini.

"Nilijua," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Tangu Jumapili. Tumbo si ni langu?"

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nataka iwe ukweli."

Halafu akanishika kidole.

"Enda umwone. Uniambie vile ako. Na usiongeze kitu."

Nikaenda. Hawakunikubali kuingia, nikaangalia kwa kioo mpaka sista wa huko akanionyesha ni yupi. Nikasimama hapo nikimwangalia vizuri, nisisahau. Nikarudi.

"Ni msichana. Ni mdogo, mkono wake ni kama kidole changu. Ako na mpira wa hewa kwa pua. Anapumua haraka haraka. Macho hajafungua. Sista anasema hawezi kuniambia kitu mpaka kesho."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akafunga macho, na akaendelea kunishika kidole.