Makubadhi Mlangoni mwa Duka la Vitabu

Duka la vitabu la shangazi yangu, pale Bagamoyo, lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila Alhamisi alasiri, miaka ile ya sabini, wanawake walivua viatu mlangoni, wakaketi mkekani, na mmoja wao akawasomea kitabu cha sheria ya ndoa. Mwanamume akibisha hodi, hawamwitikii. Mimi, binti mdogo, nilikereka: duka gani hili linalofukuza wateja?

Siku moja alibisha balozi wa nyumba kumi, masikio ya chama mtaani kwetu. Msomaji siku hiyo alikuwa mkewe. Mke akaacha kusoma. Hodi ya pili, ya tatu; kimya. Hodi tatu zisipoitikiwa, mstaarabu huondoka. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango: aliinama, akayageuza makubadhi ya mkewe yaelekee nyumbani kwao, akaenda zake.

Nikawaambia nilichokiona. Alikuwa anamtisha mkewe, au anamtunzia siri yake? Shangazi, aliyejua kila kitu, alisema hajui. Mpaka leo sijui, na jambo hilo linaniudhi.

Mke wa balozi alitoka, akayatazama yale makubadhi. Akayageuza yaelekee ndani, akarudi mkekani, akaendelea kusoma, sasa kwa sauti ya juu.