Kidani Alichokiosha Beldina

Ukweli wa mume wangu Hamdun ulikuwa ukiniudhi. Bibi harusi analeta bangili dukani kwetu Kandara, hapa Jeddah, anataka asifiwe, na yeye anamwambia usoni, "Hii shaba, mwanangu, imepakwa dhahabu tu." Nikimgombeza ananijibu, "Safa, mie sonara. Wananiletea kwa sababu sisemi uongo." Watu walikuja hata kutoka Riyadh kumuuliza. Akishasema yeye, halas, hakuna ubishi.

Kazi yake hasa ilikuwa vidani vya Kihindi. Aliirithi kwa babake, na babake alifunzwa na Mhindi wa Unguja. Kidani hicho ndani hujazwa lakiri, utomvu mgumu unaolainika kwa moto, mawe yakakaa juu yake, kisha yakazungushiwa dhahabu laini.

Siku hiyo akaja Beldina, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi za ndani nyumba ya pili. Kashika leso, analia. Kaosha kidani cha madam wake kwa maji ya moto, lakiri imeyeyuka, mawe yote yamedondoka.

"Mzee, nisaidie," akasema. "Madam atasema nimeiba, nitafungwa."

Hamdun akaifungua leso, akayageuza mawe yaliyomo, uso ukambadilika. Akaninong'oneza kuwa ni vioo, vimewekewa karatasi ya fedha nyuma ving'ae. Vioo tangu siku vilipotengenezwa. Na madam yule mtaa mzima umechoka kusikia habari za almasi za bibi yake.

Hatujakaa sawa, madam huyo mlangoni. Beldina hakumtazama hata kidogo.

"Ami Hamdun, wewe husemi uongo. Hizi ndizo almasi zangu?"

Niliogopa. Akisema ni vioo, nani ataamini kwamba Beldina hakuzibadilisha? Polisi wangeitwa palepale.

"Ndizo, madam," akasema Hamdun. "Almasi, na zote zipo. Nitazirudisha mahali pake."

Akapasha lakiri, akazipanga moja moja. Beldina alimaliza mkataba wake akarudi kwao Kisumu salama, alhamdulillahi. Uongo ule mie ningeusema mara mia na usingizi nikalala.

Lakini Hamdun si mie. Wiki moja tu baada ya uongo ule kaja msichana na pete ya posa, ataka kujua kama dhahabu ni ya kweli. Hamdun akaishika, akaitazama sana, akamrudishia.

"Nenda kwa mwingine, mwanangu," akamwambia. "Mie msiniulize tena."

Na pete ile ilikuwa dhahabu safi. Hata mie niliiona.