Mapendo Hakuogopa Kuchekwa

Enzi zetu pale Nechells, mtaa wetu wa Uingereza, kabla kila mtoto hajatembea na simu mfukoni, tulicheza rede nyuma ya maghala hadi pua zikachuruzika kwa baridi. Mama yangu, mwanamke wa Mombasa asiyejua kuita mtu kwa sauti ndogo, alitoa kichwa dirishani: "We Zuhura! Chai inapoa!" Mtaa mzima ukajua chai yetu imepoa. Tulipanda ngazi mbio, na mandazi ya hiliki yakaliwa na kila aliyenifuata, awe Msomali, Singasinga au Mkongo.

Huyo Mkongo alikuwa Mapendo. Alifika shuleni katikati ya mwaka, Kiingereza chake cha kuokoteza, koti lake la kurithi kwa kaka yake. Darasani hakuwa mwepesi. Sifa zote nilizipata mimi.

Siku ya kwanza tulipopelekwa kuogelea, Mapendo alijirusha bwawani kama aliyezaliwa majini, akazama kama tofali. Mwalimu alimvuta juu, anakohoa, maji yanamtoka puani, na sisi tunacheka mpaka dari linaitikia. Alifuta macho, akatutazama, akacheka kutuzidi. Kisha akaenda kujipanga mwisho wa foleni.

Wiki iliyofuata aliwekwa na watoto wadogo waliomfikia kiunoni, akavalishwa maboya ya mikononi ya rangi ya chungwa. Ningekuwa mimi, ningejifungia chooni. Yeye alitupungia mkono kama bibi harusi. Mama alimuuliza mama yake kama mtoto haoni haya. Mama Mapendo akasema, "Bacheke tu, batachoka."

Na kweli tulichoka. Kabla shule hazijafungwa, Mapendo alivuka bwawa upande hadi upande, na sisi sisi tuliomcheka tulishangilia hadi mwalimu akapuliza filimbi.

Ukubwani hakubadilika. Alifeli mtihani wa kuingia chuo cha ukunga, akarudi kukaa darasani na vijana wadogo, akauliza kila asichokielewa, akafaulu. Mwaka jana, uchungu wa kitinda mimba wangu uliponibana, mlango wa wodi ulifunguka, akaingia mkunga mwenye kicheko ninachokijua.

"Zuhura! Kumbe ni wewe unayepiga kelele hivyo?"

Nilicheka huku nalia. Hakuuachia mkono wangu mpaka mtoto alipolia.

Binti yangu mkubwa, Amina, ananishinda akili. Ana chumba chake, kompyuta yake na mwalimu wa hesabu wa Jumamosi. Lakini hanyooshi mkono darasani mpaka awe na hakika ya jibu. Hawa watoto wa siku hizi wanataka kujua kabla ya kujifunza! Simlaumu sana, hata hivyo. Kicheko chetu kiliishia pale pale bwawani. Chao kinarekodiwa, kinasambazwa, kinawasubiri asubuhi.

Jumapili iliyopita nilimpa simu aongee na bibi yake, ambaye alisharudi Mombasa. Akajikaza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, akitaka kusema anampenda: "Bibi, nakupika sana!"

Bibi alicheka hadi akakohoa. Amina akafunika uso kwa mtandio. Nilidhani atanirudishia simu, lakini mabega yakaanza kumtikisika. Naye alikuwa anacheka. Akaendelea, anakosea, anarekebishwa, nusu saa nzima. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza kwa furaha, nikatamani wenzake wote wangekuwa na mahali kama tulipokuwa napo sisi, pa kukosea mbele za watu, ukachekwa ukashiba, na kesho yake hakuna anayekumbuka.